Hodi ya Kisauni



Jumatatu nilipanda ndege ndogo pale uwanjani Kisauni, Unguja, kwenda Pemba kumwona mgonjwa. Kwanza mizani: wewe na mkoba wako mnapimwa pamoja, na kilo zako zinasomwa mbele za watu. Nilikaa nyuma ya rubani, karibu kabisa. Injini inanguruma, njia iko wazi hadi mwisho, naye haondoki. Akazungumza na mnara, akanyamaza, akajibiwa, akayarudia aliyoambiwa neno kwa neno. Nikasema moyoni, huyu anapiga hodi.

Sisi wa Mji Mkongwe hodi tumeizoea hata hatuifikirii. Tunadhani ni adabu tu. Lakini angalia milango yetu ya kale: vizingiti virefu, na ndani ukumbi wa giza. Anayebisha hodi huitikiwa karibu, na pamoja na karibu huja sauti nyingine: angalia kizingiti, chunga kichwa. Anayejiingilia haambiwi.

Nikiwa juu ya maji nilikumbuka ndege ya mwaka 1972. Idi Amin alikuwa ametwaa Uganda tangu Januari 1971, na wafuasi wa Obote, rais aliyempindua, waliokuwa uhamishoni Tanzania walipanga kurudi kwa silaha. Kundi moja lingeshuka Entebbe kwa ndege na kuuteka uwanja, wengine wakivuka mpaka kwa nchi kavu. Ndege hawakuwa nayo. Ikachukuliwa DC-9 ya East African Airways kutoka Dar es Salaam, bila shirika kuridhia, ikapelekwa Kilimanjaro kupakia wapiganaji. Ilipotua, matairi yakapasuka. Entebbe hawakufika.

Shirika lile lilikuwa la Kenya, Uganda na Tanzania kwa pamoja, kwa hiyo ndege ilikuwa ya Waganda pia. Nadhani hapa ndipo wengi wetu tunapojikwaa: kitu ni changu, au ni cha ndugu yangu, ya nini kuomba? Nia nayo ilikuwa nzuri. Amin alikuwa akiua watu, na mimi mwenyewe ningewaombea safari njema. Ila aliyechukua ndege kwa siri hawezi kumpigia simu fundi wake usiku na kumwuliza jambo lolote. Kimya alichokitafuta ili apite ndicho kinachomfuata mpaka kwenye kutua.

Wa nchi kavu walivuka hivyo hivyo, Jumapili ya tarehe 17 Septemba, kuelekea Mbarara na Masaka. Walisambaratishwa. Siku nne baadaye askari wa Amin walimchukua Jaji Mkuu Benedicto Kiwanuka kutoka mahakamani Kampala, na hakurudi tena. Yeye hakupanda ndege ile.

Somo letu la wiki hii ni Luka sura ya 14, mfalme anayeketi kwanza kupima kama watu wake elfu kumi watamudu elfu ishirini wa mwenzake. Wahubiri hupenda kuishia kwenye kuketi (nami nimeishia hapo miaka mingi). Safari hii someni mbele kidogo: akiona hawezi, anatuma wajumbe wa amani adui angali mbali. Mwaka 1972 wajumbe wa Tanzania na Uganda walitumwa, ni kweli. Walikutana Mogadishu mwezi Oktoba, wakati Bukoba na Mwanza, upande wa Tanzania, zilikwisha kupigwa mabomu na ndege za Amin na makaburi yalikwisha kufukiwa.

Tulitua Pemba salama. Gari la kijana mmoja likanifikisha hadi uani kwa mgonjwa wetu. Mlango ulikuwa wazi na pazia linapepea. Nilimwona hata miguu kitandani. Nilisimama nje. Hodi ya kwanza kimya, ya pili kimya. Ya tatu akaitika, sauti ndogo sana, akasema nisubiri kidogo, ajifunike vizuri.