Neno la Jukwaani na Sikio la Mkata Mkonge

Husemwa kwamba ahadi ni deni. Usemi huu twaukariri tangu utotoni, lakini hautuelezi deni hilo hupimwa kwa kipimo gani: kwa neno lililotamkwa, au kwa neno lililosikiwa? Katika nchi ya Wazigua, tangu Korogwe hata Handeni, swali hili limepata kuwagharimu watu.

Mkonge uliletwa Tanganyika mwaka 1893 na Dakta Richard Hindorf, kutoka Florida huko Marekani. Miche 62 tu ndiyo iliyofika ikiwa hai. Kwa miche hiyo yalizuka mashamba makubwa, na mashamba yakataka watu. Mzigua wa Kwaluguru aghalabu alipendelea jembe na mahindi yake. Basi wakaletwa manamba kutoka mbali, Waha, Wabena, Wanyamwezi, kila mmoja na kipande chake cha siku thelathini. Watu hao, waliokutanishwa na jasho na Kiswahili, ndio walioendewa na TANU baada ya 1954. Mwaka 1958 wafanyakazi wa shamba la Mazinde, katika Korogwe ya leo, waligoma kwa majuma mengi.

Jukwaani lilitamkwa neno moja: Uhuru. Msemaji alikusudia kujitawala. Mkata mkonge alisikia mshahara, nyumba isiyovuja, na msimamizi asiyetukana. Je, alidanganywa? Kwa ulimi, la hasha. Lakini msemaji ajuaye kwamba amesikiwa zaidi ya alilosema, kisha akanyamaza kwa kuwa makofi ni matamu, huyo amekwisha kukopa, nami naona anadaiwa kile kilichosikiwa.

Uhuru ulipatikana 1961. Rashidi Kawawa, aliyekuwa katibu mkuu wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi, akawa Waziri Mkuu mwaka 1962, na mwaka huo huo sheria ikabana migomo. Mapema 1963 Victor Mkello, kiongozi wa chama cha wafanyakazi wa mashamba, alipelekwa kukaa Sumbawanga. Wala msomaji asidhani mambo haya ni yetu peke yetu. Mwaka 1980 Ronald Reagan, ambaye zamani alikuwa rais wa chama cha waigizaji wa sinema, aliungwa mkono na chama cha waongozaji wa ndege wa Marekani. Mwaka uliofuata waligoma, naye akawafukuza kazi zaidi ya 11,000.

Tuwe waadilifu. Serikali changa ilikuwa na hoja, na hoja hiyo yakaa Kwaluguru: mkulima asiye na mshahara, angojaye mvua, naye ni mwenye nchi, haifai mwenye ujira ajitwalie peke yake matunda ya wote. Ni hoja njema. Kasoro yake ni kuchelewa, kwani ilistahili kusemwa kabla ya makofi. Kweli, ulikuwapo wito wa Uhuru na Kazi. Lakini mkata mkonge hakuhitaji kukumbushwa kazi.

Mwaka 1971 TANU ilitoa Mwongozo, ukawakataza viongozi majivuno na dharau. Wafanyakazi wa viwanda kadhaa vya Dar es Salaam waliusoma, wakauamini, wakaweka zana chini kuwakataa mameneja wao. Wapo waliowaita wakorofi. Mimi nawaona kuwa wasikilizaji wema: safari hii walilishika neno kama lilivyotamkwa.