Mshono wa Bure

Katika soko la Shahe, wilayani Tianhe mjini Guangzhou, nguo za jumla huanza kuuzwa kabla ya alfajiri. Mfanyabiashara anayenunua kwa ajili ya Kariakoo huligeuza gauni ndani nje na kuuvuta mshono kwa vidole kabla ya kujadili bei. Anajua kwamba mzigo ukishapanda meli, dosari itakayoonekana Dar es Salaam itakuwa yake peke yake. Hakuna amwonaye kuwa hana adabu.

Mama anayemfikisha mwanawe mwenye mdomo uliopasuka kwenye kambi ya upasuaji wa hisani anakabiliwa na umbali huohuo. Daktari amevuka bahari, ataondoka baada ya wiki moja, na mshono utabaki. Lakini mama huyu hauvuti mshono wowote. Hakulipa, na asiyelipa huona haya kuuliza ni nani atakayempa mtoto dawa ya usingizi, na kama amezoea njia ya hewa iliyo nyembamba kiasi hicho. Kwa kuwa mpokeaji amefungwa na haya, mtoaji analazimika kujikagua kwa ukali kuliko muuzaji yeyote. Kutolipwa hakumpunguzii deni hilo, humzidishia.

Watetezi wa kambi za haraka husema nusu shari ni heri kuliko shari kamili. Methali ni ya kweli, ila hapa imewekwa pasipo pake. Mdomo uliopasuka kwa kawaida hauui. Usingizi wa dawa usiosimamiwa vema huua. Mtoto aliyeingia chumba cha upasuaji akicheka hakuwa na shari ya kubadilishana na kifo.

Ndiyo maana wapasuaji wana kanuni ya kale ya makumi: mtoto awe amefikisha wiki 10, uzito wa ratili 10 na gramu 10 za himoglobini katika desilita ya damu. Kanuni hiyo ni rahisi kuikariri, ni chungu kuitekeleza. Kaakaa likiwa wazi pia, mtoto hunyonya kwa shida, hivyo anayehitaji sana msaada huenda ndiye anayefika akiwa amekonda. Kumwambia mama yake “bado” ni tendo la huruma ikiwa tu kuna mtu atakayekuwapo hapo mwezi ujao. Vinginevyo, “bado” ni “hapana” iliyovishwa kanzu.

Waswahili husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Husema pia mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Madaktari wa Kichina waliofika Zanzibar kuanzia 1964 walilishika jembe: vikosi vyao hukaa muda mrefu kabla ya kupokezana, na anayepasua huwa bado yupo jeraha linapotunga usaha. China yenyewe ilikuwa mpokeaji pia. Shirika la Smile Train, lililoanzishwa 1999, lilianzia kazi huko, likiwawezesha madaktari wenyeji badala ya kuwaleta wageni. Njia hiyo haina picha nyingi za uwanja wa ndege, na pengine ndiyo sababu haisifiwi sana.

Mtoto wa ratili 9 anarudishwa nyumbani akanyonyeshwe kwa kijiko. Mama anauliza arudi lini, na kwa nani.