Kwani Ulikuwepo?

Simba wawili wa Tsavo walikula watu wangapi? Ukiuliza swali hili mjini Voi hutakosa jibu. Dereva wa matatu ana lake, muuza matunda stejini ana lake, na mtoto wa Gredi ya 7 ana jibu kubwa kuliko yote. Shida ni kwamba majibu yenyewe hayalingani.

Twende taratibu. Mwaka 1898 Waingereza walikuwa wanajenga daraja la reli juu ya Mto Tsavo. Simba dume wawili wasio na manyoya shingoni wakaanza kuwatoa wafanyakazi mahemani usiku, mmoja baada ya mwingine, hadi kazi ikasimama. Mhandisi John Henry Patterson aliwapiga risasi wote wawili Desemba mwaka huo. Katika kitabu chake cha 1907 alitaja Wahindi 28 waliouawa, pamoja na Waafrika wengi ambao hakuna aliyeweka hesabu yao rasmi. Miaka ikapita, hesabu yake nayo ikanenepa: ikafika watu 135. Ngozi za simba hao aliziuza mwaka 1924 kwa Makumbusho ya Field mjini Chicago, kwa dola 5,000. Hadi leo wako huko, wamejazwa, wanatazamwa kupitia kioo.

Mwaka 2009 wanasayansi wakalirudia swali, ila safari hii waliwauliza simba wenyewe. Mwili hutunza kumbukumbu ya chakula. Atomu za kaboni na nitrojeni zina aina nyepesi na nzito, na uwiano wake kwenye nyama unayokula huacha alama katika nywele na mifupa yako. Mnyama anayekula nyasi ana alama yake, anayekula majani ya miti ana yake, na binadamu ana yake. Walipopima nywele na mifupa ya simba wale, walikadiria kwamba mmoja alikula watu 11 hivi na mwenzake 24 hivi. Jumla 35. Kisha wakaongeza jambo ambalo Patterson hakuwahi kuliongeza: huenda walikuwa wachache kama 4, au wengi kama 72.

28, 135, 35. Mimi ni mwalimu wa sayansi, bado mchanga kazini, na tarakimu hizi tatu ndizo ninazoandika ubaoni mwanzo wa muhula kabla sijalitaja neno "sayansi". Halafu nanyamaza. Darasa la watoto zaidi ya hamsini halivumilii kimya, kwa hiyo baada ya nusu dakika vita vinaanza. "Ni 135, Patterson alikuwepo!" "Ni 28, hao waliandikwa!" "Mwalimu, hawa wa 35 wanajuaje na hawakuwepo?"

Kila mtu aliyekulia Kenya anaijua silaha hii: *kwani ulikuwepo?* Tunaitumia kumfunga mtu mdomo. Ukisimulia jambo, mwenzako akikosa hoja, anakurushia hiyo na mazungumzo yanaisha. Mimi naona tunaipoteza bure. Ukiitoa dharau iliyomo, ndilo swali bora kabisa ambalo mtoto anaweza kuingia nalo darasani. Umejuaje?

Tazama linavyofanya kazi. Patterson alikuwepo, na bado hesabu yake ilipanda kadiri alivyozidi kuwa mbali na Tsavo. Kwa hiyo kuwepo pekee hakutoshi. Watafiti wa 2009 hawakuwepo, lakini walionyesha walivyopima, na wakasema wazi ni kwa kiasi gani wanaweza kuwa wamekosea. Watoto wengi mwanzoni wanamwona anayesema "kati ya 4 na 72" kuwa mnyonge. Anayesema 135 kwa sauti nzito anaonekana mwanaume. Itachukua wiki kadhaa kabla hawajaanza kuhisi kinyume chake: kwamba anayekuonyesha mipaka ya ujuzi wake ndiye wa kuaminika. Katika enzi hii ya jumbe za WhatsApp zinazosambazwa mara elfu bila jina la mwandishi, sijui zawadi gani nyingine ya sayansi inaishinda hii. Jedwali la elementi tutalifikia. Hili kwanza.

Lakini hapo bado tuko nusu ya njia, kwa sababu kuna mtoto atakayeiangalia ile 28 kwa muda mrefu kisha aulize: kwa nini Wahindi wana namba na Waafrika wana "wengi"? Hakuna kifaa cha maabara kitakachomjibu huyo. Kabla ya kuhesabu, mtu aliamua nani aandikwe. Wafanyakazi waliosajiliwa na reli walikuwa na orodha. Mbeba mizigo aliyetoka kijiji cha jirani hakuwa nayo. Kifo chake kilikuwa kifo kamili kwa mama yake, na sifuri kwenye daftari. Hapo sayansi inaikabidhi falsafa chaki. Tunaanza kuuliza hesabu ni ya nani, na mtu anahesabika kwa nini.

Na kuna sehemu ya tatu, inayonifanya nilishike somo hili kama mayai. Ili kujua alama ya binadamu ikoje katika mwili wa simba, watafiti walihitaji mifupa ya binadamu wa hapa ya kulinganisha nayo. Walitumia mabaki ya Wataita wa mwanzoni mwa karne ya 20.

Kwa msomaji wa Nairobi huenda hiyo ni taarifa tu. Kwa mtoto wa Dawida, Sagalla au Kasigau si taarifa tu. Zamani huku kwetu, marehemu akishazikwa na muda kupita, fuvu lake lilitolewa na kuwekwa kwenye pango la ukoo, pamoja na ya waliomtangulia. Hayo hayakuwa makaburi yaliyosahaulika. Watu walikwenda pale na sadaka, kwenye ukame, kwenye ugonjwa, kwenye ugomvi wa familia. Mapango mengine bado yapo milimani, na mafuvu yamo. Kwa hiyo nikitaja mifupa ya Wataita, darasa zima linapoa. Kisha mtu anauliza: je, mfu anaombwaje ruhusa? Na nani anaweza kuitoa kwa niaba yake: mjukuu, ukoo, serikali, jumba la makumbusho?

Katika somo moja tumepita kwenye atomu za kaboni na tumefika kwenye haki za wafu, na sijaleta kifaa chochote ila chaki. Ndiyo maana siwaelewi wanaosema sayansi ni ya maabara na falsafa ni ya chuo kikuu. Kwa Voi, vyote viwili viko barabarani.

Sasa pingamizi, na ni zito. Nimeambiwa, tena na watu ninaowaheshimu, kwamba mtoto ukimzoesha "umejuaje" utamharibu. Leo atamwuliza mwalimu, kesho pasta au ustadhi, keshokutwa babu yake. Utavunja heshima, na heshima ikivunjika hakuna gundi yake.

Jibu langu nimelipata kwa Henry Odera Oruka, aliyefundisha falsafa Chuo Kikuu cha Nairobi hadi kifo chake mwaka 1995. Wakati wasomi wengi wa nje wakisema Afrika ina methali na mila lakini haina wanafalsafa, yeye na wenzake walikwenda vijijini kukaa na wazee, wengi wao wasiosoma shule za kizungu, na kuwahoji. Hakuishia kwenye "mila yenu inasemaje?" Aliwauliza wao wenyewe wanafikirije kuhusu Mungu, kifo, usawa, ukweli, na kwa sababu gani. Akaona wazee wa aina mbili. Wapo wanaoijua hekima ya jamii na kuikariri vizuri sana. Na wapo wanaosimama kando kidogo ya mila, wanaipima, wanakubali hili na kukataa lile, na wanakueleza kwa nini. Hao wa pili, alisema, ni wanafalsafa. Mwaka 1990 alichapisha kitabu chenye mazungumzo yao.

Fikiria tena juu ya heshima. Asiyemheshimu mzee hamwulizi chochote. Anaitikia "sawa, babu", anatoka nje, anafungua simu yake. Kumwuliza mzee "umejuaje?" ni kukiri kwamba ana sababu, na kwamba sababu zake zinastahili muda wako. Kinachovunja heshima ni sauti ya swali: kuna "kwani ulikuwepo?" ya kumfunga mtu mdomo, na kuna ile ya kumfungulia. Kazi ya shule ni kufundisha hii ya pili.

Chukua fighi, zile sehemu takatifu zenye miti ambazo wazee wa Taita walizikataza shoka. Mwanafunzi aliyesoma sayansi kidogo huja na jibu la haraka: "Ni ushirikina tu." Aliyesoma kidogo zaidi huja na jibu tamu: "Wazee walikuwa wanahifadhi mazingira. Misitu yetu hunasa ukungu, majani yanadondosha maji, chemchemi zinaishi." Hilo la ukungu ni kweli, na misitu ya Taita ina viumbe wasiopatikana kwingine kokote duniani, kama yule ndege anayeitwa kwa jina la kisayansi *Turdus helleri*. Ila hata jibu tamu lina dharau ndani yake. Linasema mzee alikuwa sahihi bila kujua kwa nini, na kwamba sababu zake hazina thamani mpaka tuzibadilishe ziwe zetu. Fighi ililinda watu na nchi yao, kwa namna walivyoelewa ulinzi. Msikilize kwanza kwa sababu zake. Ukitaka kuzikataa, zikatae baada ya kuzisikia.

Kwa walimu wenzangu wanaosoma hapa, mambo yenyewe ni haya, na hayahitaji bajeti.

La kwanza, dakika kumi kila Ijumaa. Mwanafunzi analeta dai moja alilolisikia wiki hiyo, liwe la redioni, mtaani au kitabuni. Darasa linauliza mambo matatu: nani kasema, kajuaje, na nini kingemfanya abadili mawazo? Mtaala wa umilisi wenyewe unataka uwazaji kina. Hizi ndizo dakika zake.

La pili, kazi ya nyumbani ya mtindo wa Oruka. Mtoto amtafute mzee mmoja, amsalimie inavyostahili, amwulize kuhusu jambo moja: kwanza ni nini, pili kwa nini, tatu kama kuna wakati mila ilikosea. Swali la tatu wazee hulipenda kuliko tunavyodhani.

La tatu, swali moja kwa mwezi lisilo na alama. Hapa kwetu Tsavo imechukua karibu asilimia 62 ya ardhi ya kaunti, na ndovu hawasomi ramani. Kule Sagalla wakulima huzungushia mashamba uzio wa mizinga ya nyuki, kwa kuwa utafiti ulithibitisha ndovu huwakimbia. Hiyo ni sayansi. Lakini sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 iliweka fidia ya shilingi milioni 5 kwa familia ya mtu aliyeuawa na mnyama. Je, hiyo ni bei ya mtu? Kama si bei, ni nini? Waache wabishane. Usisahihishe.

Nisidanganye kwamba hili halina gharama. Mtihani unaulizwa, una majibu yake, na mtoto wa mkulima wa Mwatate hana alama za kuchezea. Mwaka 1963, katika shule ya sekondari ya Magamba kule Tanganyika, Erasto Mpemba aligundua kwamba mchanganyiko wake wa aiskrimu ulioingia jokofuni ukiwa moto uliganda kabla ya uliopoa. Aliuliza, akachekwa. Baadaye alimwuliza Denis Osborne, mwalimu wa fizikia wa chuo kikuu cha Dar es Salaam aliyetembelea shule ambayo Mpemba alikuwa akisoma wakati huo. Osborne naye hakuamini, lakini alikwenda akajaribu, na mwaka 1969 wakachapisha pamoja. Wanafizikia bado wanabishana kama jambo lenyewe ni kweli. Sawa tu. Tofauti ya walimu wale haikuwa nani alijua zaidi. Wote wawili waliona mtoto amekosea. Mmoja alijaribu.

Basi je, ni haki kumfundisha mtoto kuuliza mahali ambapo kuuliza kunaadhibiwa? Naamini ni haki, kwa sharti moja: anayemfundisha awe wa kwanza kuulizwa. Ninadaiwa vitu viwili. Nimpe jibu linalotakiwa na mtihani, nimwambie wazi kwamba ni la mtihani, ili asilipie udadisi wangu kwa alama zake. Na nikubali aninyooshee mimi kidole. Siku moja nikiwa nimemaliza hadithi ya simba kwa mbwembwe zote, msichana wa dawati la nyuma aliinua mkono: "Mwalimu, na hiyo 35, wewe umejuaje?" Nikamwambia nimesoma, sikupima. "Kwa hiyo unaamini?" Ndiyo, nikasema, ninaamini, na kesho yake nikamletea sababu zangu kwenye karatasi.

Alizisoma zote. Mbili alizikataa.