Bahati na Jitihada

Msomaji, huenda ulipata kusimama mbele ya ubao wa matangazo siku matokeo ya mtihani yalipobandikwa. Wako waliotoka pale wakicheka, na wako waliotoka wameinamisha vichwa. Ukiwasikiliza waliofaulu, wengi wao watakuambia kuwa walijitahidi. Ukiwasikiliza walioshindwa, wengi wao watakuambia kuwa bahati iliwapa kisogo. Mtihani ulikuwa mmoja, na hukumu ni mbili zisizopatana! Swali lililo mbele yetu basi ni hili: je, mafanikio ya mtu huletwa na bahati, au huletwa na jitihada yake mwenyewe? Usilidhanie swali hili kuwa la mchezo. Jinsi utakavyolijibu ndivyo utakavyofanya kazi yako, na zaidi ya hayo, ndivyo utakavyomtazama jirani yako.

Kwanza yafaa tujue maana ya maneno tuyatumiayo. Jitihada ni nguvu, wakati na subira avitoavyo mtu kwa hiari yake ili alifikie jambo alitakalo. Bahati ni kila jambo, jema au baya, limfikalo mtu bila ya yeye kulitenda wala kulichagua. Hapana aliyechagua wazazi wake, wala kijiji alichozaliwa, wala mwaka aliozaliwa, wala afya aliyokuja nayo duniani. Wazee wetu waliyaona mambo haya yote mawili. Walisema kuwa mgagaa na upwa hali wali mkavu, maana atembeaye ufukoni kwa bidii hakosi kitoweo. Lakini wao hao walisema pia kuwa riziki kama ajali, huitambui ijapo. Hawakujipinga wenyewe, walijua kuwa maisha ya mtu hayapimwi kwa kipimo kimoja.

Natutazame mfano wa mtu ajulikanaye sana katika Kenya. Kipchoge Keino alizaliwa mwaka 1940 katika nchi ya Nandi, na baadaye akawa askari polisi. Mwaka 1964 alikwenda Tokyo kwa Michezo ya Olimpiki, akarudi bila ya medali. Angeweza kusema kuwa nyota yake haikung'aa, akaacha mbio. Hakuacha. Mwaka 1965 alivunja rekodi za dunia za mita 3,000 na mita 5,000. Mwaka 1968 alikwenda Mexico City hali anaumwa na nyongo. Katika mbio za mita 10,000 maumivu yalimzidi, asiweze kuzimaliza. Siku chache baadaye alipata medali ya fedha katika mita 5,000. Kisha, ingawa madaktari walimshauri apumzike, tarehe 20 Oktoba alisimama katika mstari wa mita 1,500 kushindana na Jim Ryun wa Marekani, ambaye kwa muda wa miaka mitatu alikuwa hajashindwa katika mbio hizo. Keino alishinda kwa dakika 3 na sekunde 34.9, akamwacha Ryun karibu mita 20 nyuma yake.

Aipendaye jitihada atashangilia na kusema kuwa shauri limekwisha. Lakini asubiri kidogo. Mji wa Mexico City uko kiasi cha mita 2,240 juu ya usawa wa bahari, na huko hewa ni nyepesi. Mwili wa mtu aliyekulia nyanda za juu umeizoea hewa ya namna hiyo. Mwili wa mtu aliyekulia nchi ya chini huhema upesi. Nandi ni nchi ya juu; Kansas, kwao Ryun, ni nchi ya chini. Keino hakuchagua kuzaliwa Nandi, wala si yeye aliyeuchagua mji wa mashindano. Tena Mkenya mwenzake, Ben Jipcho, aliuongoza mzunguko wa kwanza kwa kasi kubwa, akaitoa nafasi yake mwenyewe ili mbio ziwe nyepesi kwa Keino na nzito kwa Ryun. Haya yote ni mambo ambayo miguu ya Keino peke yake haikuyaleta.

Basi je, tuseme alishinda kwa bahati tu? La, hasha. Watu maelfu kwa maelfu walizaliwa katika nyanda zile zile, wakavuta hewa ile ile, na siku ile hawakuwamo uwanjani. Wala tusisahau kuwa ugonjwa wa nyongo nao ulikuwa bahati, lakini bahati mbaya, nao haukumzuia. Mfano huu watufundisha kuwa bahati isiyopata mtu wa kuifanyia kazi hupita bure.

Mfano wa pili utatufundisha neno lililo gumu zaidi. Wangari Maathai alizaliwa mwaka huo huo wa 1940 katika kijiji cha Ihithe, Nyeri. Siku zile watoto wa kike wengi wa vijijini hawakupelekwa shule. Yeye mwenyewe alisimulia katika kitabu cha maisha yake kuwa kaka yake alimwuliza mama yao sababu ya Wangari kutokwenda shule kama wao. Mama aliona kuwa hapana sababu ya kumzuia, na mtoto akapelekwa. Alisoma kwa bidii, na mwaka 1960 akawa mmoja wa vijana waliosafirishwa kwenda kusoma Marekani, katika mpango ulioongozwa na Tom Mboya na wenzake. Mwaka 1971 alipata shahada ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Nairobi. Mwaka 1977 alianzisha Green Belt Movement, chama cha kupanda miti, na kwa ajili ya miti na haki alipata kupigwa na kutiwa kifungoni. Mwaka 2004 alipewa Tuzo ya Amani ya Nobel, akiwa mwanamke wa kwanza wa Afrika kuipata.

Hapana mwenye haki awezaye kusema kuwa mama huyu hakujitahidi. Lakini liondoe swali lile moja la kaka yake, uone ni nini kinachobaki. Ni watoto wa kike wangapi, katika vilima vile vile, waliokuwa na akili kama yake, wakaamka alfajiri kama yeye, wakachota maji na kuokota kuni bila ya kulalamika, na hapana aliyeuliza kwa ajili yao? Jitihada hawakuikosa. Walichokosa ni mlango. Na majina yao hatuyajui.

Sasa naweza kukuambia nionavyo. Jitihada na bahati si wagomvi wawili ambao mmoja wao hana budi kumshinda mwenziwe. Mtazame mkulima wa nchi kavu. Mara nyingi huatika mbegu katika udongo mkavu kabla mvua haijanyesha, maana anajua kuwa mvua za kwake ni chache na hazingoji mtu. Mvua isiponyesha, kazi yake hupotea. Mvua ikinyesha, hufaidi yeye. Na jirani aliyelala huvuna magugu kwa mvua ile ile. Mkulima huyu hadai kuwa ameileta mvua, wala haoni kuwa kutoileta ni sababu ya kutolima.

Pengine utaniuliza: "Ikiwa bahati ina nguvu kiasi hicho, ya nini nijisumbue?" Nami nakujibu kuwa ni kwa sababu hiyo hiyo. Katika mafungu mawili, moja tu ndilo lililo mikononi mwako. Mwenye mafungu mawili huenda akavumilia kulipoteza moja. Mwenye moja akilitupa hana kitu.

Lakini, msomaji, neno kubwa nililotaka kukuambia si hilo. Watu wengi hutumia mizani mbili za udanganyifu. Wakifaulu wao, husifu jitihada zao. Wakishindwa, hulaumu bahati. Wenzao wakifaulu, husema ni bahati. Wenzao wakishindwa, husema ni uvivu. Igeuze mizani hiyo. Ukiwa mbele ya kazi yako isiyokwisha, fikiri juu ya jitihada, wala usitafute udhuru. Ukifaulu, fikiri juu ya bahati, na waliokushika mkono, ili usijivune. Ukimwona mwenzako aliyeshindwa, usiseme neno mpaka umejiuliza ni mlango gani aliofungiwa. Na wewe mwenyewe, ikiwa umetenda yote uliyoyaweza na bado hukufaulu, usijihukumu kuwa hufai. Mkulima ambaye mvua ilimkosa bado ni mkulima.

Mkumbuke yule mliyeketi naye dawati moja katika shule ya msingi. Labda alikuwa akikufundisha hesabu. Kisha baba yake alifariki, au karo ilikosekana, au mama aliugua na wadogo wakahitaji mlezi. Leo wewe wavaa sare ya shule ya sekondari, naye auza mboga sokoni au achunga ng'ombe wa watu. Mkikutana njiani, utamsalimu vipi? Ukiamini kuwa uliyafika haya kwa jitihada yako peke yako, utampita kama asiyekuhusu. Ukiijua kweli, utasimama. Maana yamkini tofauti yenu haikuwa katika akili wala katika bidii, ila ni siku moja tu, na habari mbaya iliyofika nyumba yake isifike yako.

Apataye kitu asichokitolea jasho ana deni. Keino, pamoja na mkewe, aliwachukua watoto yatima akawalea huko Eldoret, na shule ikajengwa. Wangari Maathai aliwafundisha wanawake wa vijijini kuotesha miche na kuipanda, nao wakapata malipo kidogo kwa miche iliyoshika. Kila mmoja wao alifunguliwa mlango, naye akaurudi mlango ule kuwashikilia wengine wapite.

Basi fanya kazi kama mtu asiyetegemea bahati, na ishi na watu kama mtu aliyebahatika. Tena uwe na masikio ya kusikia. Huenda siku moja, nyumbani kwenu au katika jirani, yuko mtoto ambaye hapana aliyeuliza kwa nini haendi shule. Uliza wewe. Kwako litakuwa swali moja tu. Kwake itakuwa ndiyo bahati.