Mshtakiwa Akiwa Karani

Tuseme mfugaji amefikisha ng'ombe wake kwenye kioski cha maji Ewuaso Kedong, kwenye barabara itokayo Ngong kuelekea Suswa. Amelipa kwa M-Pesa na ujumbe wa uthibitisho umeingia kwenye simu yake, lakini programu ya kioski inashikilia kwamba hajalipa. Mwenye kioski anampigia fundi aliyeitengeneza, anayekaa Kitengela. Fundi naye hana seva ya kuifungua. Programu yake imepangishwa kwa Heroku, kampuni ya Marekani, na njia aliyo nayo ni kufungua terminali na kuandika heroku logs --tail.

Mistari inamiminika, kila mmoja na tarehe, saa na jina la aliyeuandika. Ulioandikwa app[web.1] umetoka kwa programu yenyewe. Ulioandikwa heroku[router] umetoka kwa bawabu wa Heroku anayepokea maombi mlangoni, na huyo ameacha alama ya H12, maana yake ombi lilikaa sekunde 30 bila jibu likakatwa. Programu yenyewe haijasema lolote kuhusu malipo hayo. Kama si mstari wa bawabu na ujumbe ulio kwenye simu ya mfugaji, fundi angeweza kuapa, kwa nia safi kabisa, kwamba hakuna aliyelipa.

Hapo swali la kitaalamu linageuka kuwa swali la haki: maandishi yanastahili kuaminiwa lini? Torati, katika Kumbukumbu la Torati sura ya 19, haimhukumu mtu kwa neno la shahidi mmoja. Inataka wawili au watatu. Qurani, katika aya ya 282 ya Sura Al-Baqara, inaagiza deni la muda liandikwe, na mpangilio wake unastahili kutazamwa kwa makini. Mdaiwa ndiye anayetamka maneno, kwa kuwa haki iko juu yake, lakini kalamu imo mkononi mwa karani anayetakiwa kuandika kwa uadilifu, na mashahidi wawili wapo. Anayetamka na anayeandika ni watu wawili.

Programu inavunja mpangilio huo. Inatenda, inasimulia ilichotenda, na hata maneno ya kusimulia ilipangiwa mapema na fundi yuleyule. Jambo ambalo fundi hakuliwazia halina mstari. Tena kumbukumbu hiyo haidumu: Heroku huweka mistari 1,500 ya mwisho, na kwa muda wa wiki moja tu, isipokuwa mwenye programu awe ameielekeza kuhifadhiwa kwingine. Mfugaji akilalamika baada ya majuma mawili, huenda atakuta mshtakiwa, karani na daftari vyote vimenyamaza.

Bonde kilipo kioski hicho limewahi kuonja uzito wa kalamu kuwa mkononi mwa mwenye masilahi. Novemba 1895, msafara wa wapagazi Wakikuyu na Waswahili uliokuwa ukirudi kutoka Eldama Ravine ulishambuliwa na Wamasai katika Bonde la Kedong, na mamia wakauawa. Andrew Dick, mfanyabiashara kutoka Uskoti, alikwenda kulipiza kisasi, naye akauawa. Waingereza walichunguza wakaona kwamba watu wa msafara ndio waliochokoza kwanza. Huenda ndivyo ilivyokuwa. Hata hivyo, faili iliandikwa na maofisa wa dola iliyokuwa na haja kubwa ya amani na Wamasai, na wapagazi waliolala bondeni hawakuulizwa.

Zaidi ya karne baadaye, logi, yaani kumbukumbu za mifumo kama ile mistari ya Heroku, zilifika mbele ya Mahakama ya Juu ya Kenya. Baada ya uchaguzi wa Agosti 8, 2017, mahakama iliamuru tume ya uchaguzi, IEBC, ifungue seva na logi zake kwa uchunguzi. Tume haikutii ipasavyo. Septemba 1 matokeo ya urais yalibatilishwa, na katika hukumu kamili majaji walio wengi walisema kuwa ukaidi huo haukuwaachia njia ila kukubali madai ya walalamikaji: ama mfumo uliingiliwa, ama maofisa wenyewe waliuchezea, ama tume ilikataa tu kukiri kwamba imeuvuruga. Uamuzi huo ulikuwa wa haki. Anayeshika daftari peke yake kisha akakataa kulifungua hawezi kudai aaminiwe kwa sababu ya kilichomo ndani.

Baada ya uchaguzi wa urais wa mwaka 2022, jambo likageuka upande wa pili. Safari hii walalamikaji ndio walioleta logi, na mahakama ikaona baadhi yake ni za uchaguzi wa 2017 na nyingine ni za kughushi. Lakini safari hii tume ilikuwa imeweka picha za fomu 34A, zenye matokeo ya vituo vya kupigia kura, kwenye tovuti yake, na yeyote mwenye intaneti na subira angeweza kuzijumlisha mwenyewe. Vyombo vya habari na watu binafsi walikuwa wakizijumlisha kabla tume haijatangaza mshindi.