Sanamu za Noeli: Tuzitunze kwa Nia Gani?



Majilio yanapokaribia, wako ndugu wanaouliza: Je, yampasa Mkristo kukusanya na kutunza sanamu ndogo za Noeli zilizofanywa kwa mikono, yaani Mtoto horini, Mariamu na Yusufu, wachungaji na Mamajusi? Wengine husema, Mungu alikataza sanamu, basi zisionekane nyumbani mwetu. Wengine huzinunua nyingi, huzifungia kabatini, wala hawataki mtoto azikaribie. Twaona yafaa kulipima neno hili, maana pande zote mbili zina hatari yake.

Kwanza tukumbuke habari ya nyoka ya shaba. Musa hakuifanya kwa shauri lake mwenyewe. Aliagizwa na Mungu, na walioumwa wakaitazama wakapona. Lakini baada ya miaka mingi Waisraeli waliifukizia uvumba, na mfalme Hezekia akaivunja vipande vipande. Tazameni, kitu kilikuwa kile kile, na mwanzo wake ulikuwa mwema. Kilichogeuka ni mioyo ya watu. Waliitunza shaba, wakaisahau rehema. Basi kutunza peke yake si kosa wala si wema. Sharti tujue tunatunza nini.

Martin Luther naye alikutana na neno hili. Mwezi wa Machi 1522 alirudi Wittenberg kutoka Wartburg, akakuta watu wameanza kuziondoa sanamu makanisani kwa nguvu. Akahubiri siku nane mfululizo. Hakuwahimiza watu wawe na sanamu, lakini alifundisha ya kuwa hazitoki moyoni mwa mtu kwa kulazimishwa. Neno la Mungu ndilo lifanyalo kazi hiyo.

Wala sisi wa Usambara tusidhani ya kuwa sanamu ya kufundishia ni jambo geni kwetu. Hans Cory, aliyekuwa mtumishi wa serikali ya Tanganyika, alitoa kitabu mwaka 1956 juu ya sanamu za udongo zilizotumiwa kuwafundisha vijana wanapoingia utu uzima, na Wasambaa wamo katika habari zake. Sanamu ilionyeshwa, wimbo wake ukaimbwa, na maana yake ikaelezwa. Hatusemi ya kuwa mafundisho yale yote yapatana na Injili. Lakini twajifunza hili: sanamu isiyo na fundisho ni udongo tu.

Na fundisho la hori ni lipi? Fransisko wa Asizi, alipotengeneza hori huko Greccio mwaka 1223, alitaka watu waone kwa macho yao jinsi Bwana alivyozaliwa katika umaskini. Basi mtu akijisifu kwa wingi na thamani ya sanamu zake, amelipindua fundisho lenyewe.

Tena tumfikiri aliyeifanya. Wako wafinyanzi, wako wachongaji wa mpingo, wako wanaosokota majani makavu ya mgomba. Mtu akimbana mfinyanzi mwenye shida mpaka akaipata sanamu ya Mariamu kwa bei ya kumwonea, kisha akaiweka juu ya kitambaa cheupe, ameuheshimu udongo, akamdharau mtu aliyeumbwa kwa mfano wa Mungu. Na mtoto akivunja sikio la kondoo akapigwa kwa ajili hiyo, amefundishwa nini juu ya Yeye aliyelala horini?

Hatusemi hayo ili vitu vitunzwe kwa uzembe. Kazi ya mikono ya mwenzetu yastahili uangalifu, na milima yetu ina ukungu na mvua nyingi. Sanamu ya udongo usiochomwa isioshwe kwa maji. Ipanguswe kwa kitambaa laini kikavu. Ya mti isikae karibu na moto wala juani, isije ikapasuka. Ya majani ya mgomba huota kuvu upesi. Ifungwe katika kitambaa kikavu cha pamba, si katika mfuko wa plastiki unaoshika unyevu. Sanduku liinuliwe juu ya sakafu kwa ajili ya mchwa, nalo lifunguliwe mara kwa mara lipate hewa. Ndani yake iwekwe karatasi yenye jina la aliyezifanya, kijiji chake na mwaka, ili mtu yule asisahauliwe. Na kilichovunjika kiunganishwe, kisitupwe. Watoto wenyewe wasaidie kukiunga.

Basi, walimu na wazazi, jioni ya Noeli zitoeni sanamu zenu. Mtoto mmoja amshike mchungaji, mwingine amshike kondoo, na kila mmoja aeleze habari yake. Ikiwa siku moja mioyo yetu itazishika kuliko inavyomshika Bwana, tukumbuke alivyofanya Hezekia. Lakini maadamu zatuongoza kwake, na kwa jirani yetu aliye mfano wake ulio hai, tuzitunze kwa shukrani.

Mungu awajalie Noeli yenye amani.