Je, Kisichonywewa Hakilevyi?

Tumeulizwa na baadhi ya vijana wanaohudhuria darsa zetu juu ya mas'ala ambayo wazee wetu hawakuyakuta, wala hayamo kwa jina lake katika vitabu tulivyosomeshwa. Wauliza hivi: iko gesi ambayo vijana wa Uingereza na Uholanzi huijaza katika baluni na kuivuta kwa kinywa, wakacheka na kuona kizunguzungu cha raha kwa dakika moja au mbili, kisha akili zao zikarudi kama zilivyokuwa. Haina harufu ya pombe, haiingii tumboni, haitokani na zabibu wala tende wala mnazi. Hutiwa katika vichupa vidogo vya chuma na kuuzwa kwa wapishi, ili wapigie malai ya keki. Basi mwenye kuivuta ana kosa gani? Na akisema mwana wa Kiislamu aliyeko huko kwamba yeye ameacha ulevi wa pombe akachagua hii, atajibiwa nini?

Swali ni zuri, na aliyeuliza hakuuliza kwa ubishi. Twapenda kulijibu kwa utaratibu, maana kusema "haramu, basi" kungemnyamazisha muulizaji lakini kusingemkinaisha, na kijana aliyenyamazishwa huenda kutafuta jibu jingine kwa mtu mwingine.

Tuanze na jina. Wanavyuoni wa kwanza hawakuijua bangi. Ilipoenea katika miji ya Waislamu, wakatokea watu wakasema yale yale tuulizwayo leo: hii si mvinyo, hii ni majani, wala hainywewi. Ibn Taymiyya, aliyekufa mwaka 728 wa Hijra (1328), na baada yake Imam Zarkashi wa Misri, aliyekufa mwaka 794 (1392) na aliyeandika risala nzima juu ya bangi, hawakuhangaika na jina wala na mlango ambao kitu kimeingilia. Walitazama illa, yaani ile sababu iliyoifanya pombe ikatazwe, nayo ni kuondoka kwa akili. Mahali ilipo illa, hukumu ipo. Kama kitu kimepita kinywani, puani au ndani ya mshipa kwa sindano, hiyo ni khabari ya njia. Sisi tunaulizana juu ya mwisho wa safari.

Walakini wanavyuoni hao hao hawakuwa wepesi wa kukataza kila kipya. Ibn Hajar al-Haytami, aliyekufa mwaka 974 (1567), aliulizwa juu ya miraa ya Yemen. Akakuta kwamba khabari za wale walioitafuna zinapingana, basi hakuthubutu kutoa kauli ya mkato, bali aliusia watu waiepuke. Na kahawa, ambayo leo hapana baraza ya pwani isiyokuwa nayo, ilipigwa marufuku Makka mwaka 1511 na liwali wa mji, Kha'ir Beg. Tunayataja haya makusudi, ili vijana wajue kwamba hatusemi juu ya gesi hii kwa sababu imetoka Ulaya au kwa sababu ni ngeni. Twasema baada ya kutazama ifanyalo.

Na ifanyalo liko mbili. La kwanza ni la kheri. Mwaka 1799 kijana mmoja wa Kiingereza, Humphry Davy, aliivuta mwenyewe mara nyingi katika mji wa Bristol, na mwaka 1800 akaandika kitabu akasema kwamba yaelekea ingefaa kuondoa maumivu wakati wa kupasua. Hapana aliyemsikiliza, kwa muda wa miaka zaidi ya arubaini gesi hiyo ikabaki mchezo wa kuchekesha matajiri na watazamaji wa tamasha, hali wagonjwa wakikatwa miguu wakiwa macho. Ajabu ya wanadamu hiyo! Mpaka Desemba 1844, katika mji wa Hartford huko Marekani, daktari wa meno Horace Wells alimwona mtu aliyevuta gesi katika tamasha akaumia mguu na asihisi. Siku ya pili Wells akang'olewa jino lake mwenyewe chini ya gesi hiyo. Hadi leo hutumika katika hospitali nyingi, ikichanganywa nusu kwa nusu na oksijeni, kumpunguzia mama uchungu wa kuzaa. Hilo mafakihi wetu hawana neno nalo. Walikwisha juzisha zamani kumnywesha mtu kitu cha kumwondoa fahamu akitaka kukatwa kiungo kilichooza. Wells huyo, lakini, baadaye alianza kujijaribia klorofomu, akapotewa na akili, na Januari 1848 akajiua ndani ya jela ya New York.

La pili ni madhara, na hapa twataka msomaji atufuate polepole, kwa kuwa hapa ndipo penye udanganyifu. Mvutaji husema: akili yangu imeondoka dakika mbili na imerudi, basi nimepoteza nini? Angepoteza kitu ambacho hakukihisi kikitoka. Mishipa ya fahamu ipitayo katika uti wa mgongo imevishwa ganda la mafuta, kama waya wa umeme ulivyovishwa mpira, na ganda hilo haliwezi kutengezwa wala kudumu ila kwa vitamini iitwayo B12, tuipatayo katika nyama, samaki, mayai na maziwa. Gesi hii huiharibu vitamini hiyo ndani ya mwili, ikawa ipo lakini haifanyi kazi. Tangu mwaka 1956 madaktari wa Denmark waliona kwamba wagonjwa wa pepopunda waliowekwa chini ya gesi hii kwa siku nyingi, uboho wa mifupa yao uliacha kutengeza damu. Na mwaka 1978 daktari Layzer wa Marekani alieleza wagonjwa 15 walioharibikiwa na mishipa ya fahamu kwa gesi hii. 14 kati yao walikuwa madaktari wa meno, na wengi wao walikuwa wakiivuta kwa starehe. Hao hawakuwa wajinga, wala hawakuuziwa na mhuni wa njiani. Walikuwa na elimu yake, na chupa ziko mkononi mwao.

Dalili huanza kwa ganzi na kuchomwa-chomwa katika vidole vya miguu. Kisha mtu hupepesuka, khasa gizani, kwa kuwa miguu haimpi tena khabari ya ardhi, akawa aitegemea macho. Kisha hushindwa kupanda ngazi, na wengine hushindwa kuzuia mkojo. Akiacha mapema na akachomwa sindano za vitamini, wengi hupata nafuu. Wengine hubaki na kilema. Hayo mbali na wale wafao papo hapo kwa kuivuta kwa mfuko uliofunika uso au katika chumba kilichofungwa, kwa kuwa wamevuta gesi tupu isiyo na oksijeni, na mbali na wale waliounguzwa midomo na koo kwa ubaridi wake wakiivuta kutoka katika chupa yenyewe.

Hatutaki kumtisha mtu kwa uwongo. Aliyevuta baluni moja katika harusi ya rafiki yake huenda asipatwe na lolote, na kijana akijua hivyo kisha akasikia sisi twasema "utapooza kesho", atatucheka na atakuwa na haki. Kwa hivyo hatujengi hukumu juu ya madhara peke yake. Lau kesho wangepata gesi isiyodhuru mshipa hata mmoja, swali lingebaki pale pale: mtu ana ruhusa ya kuizima akili yake kwa ajili ya mchezo? Imam Ghazali alihesabu mambo matano ambayo sharia imekuja kuyahifadhi: dini, nafsi, akili, nasaba na mali. Ameiweka akili peke yake, mbali na nafsi. Maana yake ni kwamba akili ni amana hata pale ambapo mwili hauna jeraha. Kucheka si dhambi. Lakini mwenye kucheka kwa neno la kuchekesha amecheka kwa akili yake, na huyu amecheka kwa sababu ameiondoa. Na usingizi, atasema mtu? Usingizi ni haja ya mwili, humrudisha mtu na nguvu zaidi ya alizolala nazo. Haulingani na huu.

Hayo ni jibu la aliyeuliza. Sasa twataka kusema juu ya ambao hawakuuliza, maana tukizungumza juu ya baluni za London tukaacha chupa zilizoko mbele ya milango yetu tutakuwa tumefanya elimu kuwa pambo.

Kila mmoja wetu amewaona, Mombasa na Nairobi, Nakuru, Kisumu na Eldoret: watoto wa njiani, ambao watu huwaita chokoraa kama kwamba hawakuzaliwa na mama, chupa ya plastiki imeshikwa kwa meno au imefichwa katika mkono wa shati, ndani mna gundi ya mshona viatu. Hawa hawatafuti kicheko. Waulize, nao husema kwamba gundi huwasahaulisha njaa na baridi. Ndani ya gundi hiyo mna kiyeyusho, mara nyingi kiitwacho toluini, ambacho hupanda kwa mvuke, huingia mapafuni na kufika ubongoni kwa muda mchache. Kikivutwa miezi na miaka, huliharibu ganda lile lile la mafuta, safari hii ndani ya ubongo wenyewe. Mkono ukatetemeka, macho yakapungua nuru, masikio yakazibika, na maneno yakawa mazito kinywani.

Je, mtoto huyu ana udhuru wa dharura, kama mtu mwenye njaa aliyehalalishiwa mzoga? Tumelifikiri sana jambo hili. Mzoga humwondolea mtu njaa. Gundi haiondoi njaa. Huondoa khabari yake tu, na njaa yenyewe yabaki ikila mwili. Kwa hiyo kitu chenyewe hakiwi halali. Lakini haya hayampi yeyote ruhusa ya kumlaumu mtoto. Asiyebaleghe hana taklifu, na aliyezoezwa tangu ana miaka saba hawezi kuhukumiwa kama yule daktari wa meno wa Marekani. Kosa lipo, ila mwenyewe si yeye; lazima tumtafute mwenyewe mahali pengine.

Mmoja wao ni muuzaji. Mshona viatu amfungulia kopo mtoto asiye na kiatu hata kimoja, akammiminia kidogo katika chupa na kupokea shilingi zake. Atasema: mimi nauza gundi, na gundi ni halali. Mafakihi walikwisha kulijibu neno hili katika mlango wa mauzo, walipozungumza juu ya kumuuzia zabibu mtu ambaye yajulikana kwamba atazifanya mvinyo. Katika madh-hebu yetu ya Shafi mauzo yenyewe husihi, lakini muuzaji ajuaye ana dhambi. Na huyu ajua, tena kwa yakini kuliko muuza zabibu, maana zabibu zaweza kuliwa; mtoto asiye na kiatu atafanyia nini gundi ya viatu?

Wala si kweli kwamba mwenye biashara hana la kufanya. Mwaka 1969 kampuni ya Testor ya Marekani ilitia mafuta ya haradali katika gundi yake ya kuundia vinyago vya plastiki, ili mwenye kuivuta iwashe pua. Huko Australia, ambako petroli ilikuwa ikivutwa na vijana wa wenyeji wa jangwani, mwaka 2005 ililetwa petroli iitwayo Opal, isiyo na mivuke mingi ya kulevya, na uvutaji ulipungua sana katika vijiji vilivyoipokea. Kitu kile kile, kazi ile ile, na sumu imepunguzwa.

Mwingine ni sisi tuwafukuzao. Mwaka 1970 daktari Millard Bass wa Marekani alichapa khabari za vifo 110 vya ghafula vya vijana waliovuta mivuke ya viyeyusho na makopo ya kupuliza. Mivuke hii huufanya moyo uwe mwepesi kushtuka. Mvutaji akitishwa, au akikimbia, moyo wake waweza kupiga ovyo na kusimama, hata akiwa mzima wa mwili, hata ikiwa ni mara yake ya kwanza. Basi askari au mwenye duka amkurupushaye mtoto mwenye chupa mdomoni, akamfuata mbio kwa fimbo, huenda akamuua bila ya kumgusa. Tunaomba neno hili lisomwe mara mbili na walinzi wa misikiti yetu, kwa sababu kuwafukuza watoto hawa mlangoni siku ya Ijumaa limekuwa jambo la kawaida.

Kuhusu sheria za serikali tutasema machache. Uholanzi iliitia gesi ya baluni katika orodha ya dawa zilizokatazwa tarehe 1 Januari 2023. Uingereza ilifanya hivyo tarehe 8 Novemba 2023. Anayekutwa nayo kwa kuivuta aweza kufungwa hadi miaka miwili, na anayeiuza kwa ajili hiyo hadi miaka 14. Baraza la wataalamu lililoishauri serikali hiyo lilikuwa limeona kwamba adhabu kwa mvutaji haifai. Sisi kwa rai yetu twaona mizani hiyo ya miaka miwili na 14 ina maana kuliko watu wanavyodhani, kwa kuwa imetambua kwamba muuzaji na mvutaji hawako daraja moja, ijapokuwa kumfunga kijana aliyeharibika miguu si dawa ya miguu.

Tumalizie kwa wazee wenye wana, hapa na ng'ambo. Ukimkuta mtu amevuta akaanguka, usimpigie kelele wala usimtikise. Mtoe penye hewa, mlaze ubavu, kaa naye, mwite daktari. Na kijana akilalamika ganzi ya miguu, jamaa wasione haya kumwambia daktari kilichovutwa, kwani wasema madaktari wenyewe kwamba kipimo cha damu huweza kuonyesha vitamini ipo ya kutosha, hali iliyopo imekwisha haribika.